Mama Kimya

Tuliishi juu ya ukumbi wa dansi, na jirani yetu wa mlango wa pili ndiye aliyekuwa akiimba humo. Watoto tulimwita Mama Kimya, maana mchana hakufungua kinywa. Alirudi alfajiri viatu mkononi, miguu imevimba, akafua nguo za bintiye huku anasinzia. Sauti aliiweka kwa ajili ya kazi. Muuza mkaa alielewana naye kwa vidole, bintiye alikuwa akiitwa kwa makofi mawili, na salamu alizijibu kwa nyusi. Mama yangu hakuipenda tabia hiyo. “Jamani, hata salamu yake ina kiingilio?”

Asubuhi moja lori la kreti za bia lilirudi nyuma uani, na yule binti ameinama nyuma yake anaokota vifuniko vya chupa. Mama Kimya aliangusha beseni, akapiga ukelele uliokwaruza mwishoni kama kitambaa kinachochanika. Lori likasimama. Mtoto akatoka mzima, vifuniko vyake mkononi.

Jioni ile, bendi ilipofika kwenye wimbo wake, tarumbeta ndiyo iliyoimba. Yeye alikaa ngazini, shingo kaifunga kanga, mtoto kalala mapajani, midomo yake ikifuata kila neno. Mama yangu alipanda na ndoo, akaitua, akamsalimia kwa nyusi.