Kisanduku cha Vitufe Vitatu

Papa, baba yangu, alikuwa ameshapoteza karibu uwezo wote wa kuona nilipomnunulia zawadi ile ya kipumbavu. Naiita ya kipumbavu leo. Siku yenyewe niliona nimefanya jambo kubwa, na nilitaka watu walione.

Alipostaafu kazi ya ufundi umeme, angali anaona, alijichongea boti ndogo ya mbao, urefu wa mkono wa mtu mzima, ya kuendeshwa kwa rimoti. Dada yangu mkubwa aliyeko Ubelgiji alimtumia mota na vikorokoro vingine, kimoja kimoja, ndani ya masanduku ya watu waliokuja likizo. Kila Jumapili baada ya misa nilimshika mkono tukateremka ziwani, ambako wastaafu wenzake watatu walikuwa na boti zao. Boti ikiwa majini tulisaidiana: yeye alisikiliza mota, mimi nikamwambia kushoto, kulia, rudisha. Lakini kuiandaa kabla ya kuiweka majini, hapana. Hapo hakutaka mkono wa mtu.

Ndani ya boti hizo kuna kifaa kinachoamua mota ipewe umeme kiasi gani. Sisi tunakiita variateri. Ni lazima kiambiwe betri ni ya aina gani, umeme ukishuka hadi wapi mota ipunguze mwendo ili betri isife, na boti iondoke polepole au kwa kishindo. Papa alikuwa na betri mbili zisizofanana, kwa hiyo alipanga upya kila mara alipobadilisha. Alitumia kisanduku kinachochomekwa kwenye variateri kwa waya, ukubwa wa viberiti viwili vilivyolazwa pamoja, chenye vitufe vitatu. Kioo chake kilikuwa kimepasuka, na hata kingekuwa kizima asingeweza kukisoma. Alihesabu tu. Kitufe cha kushoto mara mbili, cha katikati mara nne, cha kulia mara moja, mota inalia tii-tii, kazi imekwisha. Anafunga kifuniko, anapangusa vidole kwenye suruali, anawageukia wenzake.

“Benye kuwa na macho banangoja nini?”

Walicheka kila Jumapili kana kwamba hawajawahi kuyasikia maneno hayo. Mimi kisanduku kile kilinitia aibu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya shirika, nashinda mbele ya kompyuta, halafu baba yangu anafinyafinya takataka iliyofungwa kwa utepe mweusi! Nikaona kwenye simu kwamba siku hizi kuna variateri zinazopangwa kwa programu ya simu, bila waya, kila kitu kikiwa na rangi yake na maelezo yake. Nikamwagiza mfanyabiashara anayekwenda Kampala. Macho ya Papa sikuyafikiria. Niliwaza jinsi nitakavyoonekana.

Kwetu zawadi ya mtoto kwa mzazi haitolewi chumbani. Nilingoja sikukuu yake ya kuzaliwa, sebule ikajaa, maman akatoa vidagaa vya sambaza na ugali, wazee wa ziwani wakapewa viti vya mbele. Nikasimama, nikaonyesha simu, nikaeleza. Watu wakapiga makofi. Papa akaipokea variateri mpya kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

“Aksanti, papa. Mungu akubariki.” Kwetu baba naye humwita mwanawe papa, kwa upendo.

Na kwa kuwa aliyepewa kipya hakalii cha zamani mbele ya wageni, niliiinua variateri ya zamani, niliyokuwa nimeitoa kwenye boti nikaiweka mezani, pamoja na kisanduku chake, nikampa mume wa dada yangu mdogo, anayekaa Bagira, ambaye naye alikuwa ameanza kuchonga boti. Makofi tena. Papa alikuwa amenyoosha mkono kidogo kuelekea mezani, kisha akaurudisha kwenye goti. Niliuona mkono ule. Nilidhani anatafuta glasi yake.

Jumapili iliyofuata, variateri mpya ikiwa ndani ya boti, nilimpa simu yangu. Akapitisha kidole juu ya kioo, juu, chini, pembeni. Hakuna kilichobonyea. Kila alipogusa, programu ilifungua kitu ambacho hakukitaka. Nikawasha ile sauti ya kuwasomea wasioona, nikiwa bado na kiburi changu, nayo ikasoma: “Bouton. Bouton. Bouton.” Kitufe gani, haikusema. Wenzake wakainamia boti zao. Nikaichukua simu, nikapanga mwenyewe, na mota ikalia. Papa akafunga kifuniko, hakuwageukia wenzake.

Hadi leo nawachukia waliotengeneza programu ile, ingawa najua nawaonea. Wao hawamjui baba yangu. Mimi ndiye niliyemjua.

Basi akaanza kuomba. Alikuwa na desturi ya kuijaribu boti siku za kazi ndani ya beseni uani, peke yake, hata mara tatu kwa siku. Sasa alitakiwa kungoja simu yangu ifike, na simu yangu iko nami, nami niko Kavumu kwa kazi, au niko kwenye mkutano, au nimechoka tu. Alinipigia: “Papa, ukipata kanafasi, utapita?” Nikajibu nitapita. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesumbuliwa, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Nilimwambia nitakwenda Bagira kuvirudisha vya zamani vyote viwili. Akakasirika kweli, mara ya mwisho kumwona amekasirika.

“Kitu ulishapana mbele ya batu, unaenda kukikamata tena namna gani? Unataka banisemeye nini?”

Tukaendelea hivyo, mpaka Jumapili moja programu ikakataa kufunguka. Ilidai ijisasishe kwanza, na pale ziwani mtandao ni hafifu, wa kuhesabu vijistari kwenye simu. Boti tatu zilikuwa zimeshaingia majini. Papa alikaa kwenye kigoda, boti yake magotini, kifuniko wazi, kama mtu anayengoja zamu hospitalini. Nilizunguka ufukweni nimeinua simu juu. Akauliza kama tayari. Akauliza tena. Nikampigia kelele mbele ya rafiki zake:

“Papa, tulia kwanza! Hauone niko nahangaika?”

Nilimwambia kipofu hauone. Nilitamani ardhi inimeze. Na yeye, aliyenifundisha kuunga waya wa kwanza maishani mwangu, akainamisha kichwa.

“Pole, papa. Unisamehe.”

Baada ya hapo kila Jumapili alisema amechoka. Tulitoka kanisani tukarudi nyumbani, na njiani aliniuliza mambo ya kazi yangu, kwa adabu. Nilitafuta mwezi mzima nikagundua kwamba hata variateri hii mpya ina kisanduku chake, kinauzwa kando. Kilikuwepo siku zote. Sikuwahi kuuliza, kwa sababu nani anataka kisanduku?

Kilipofika sikumwita mtu yeyote. Nilikwenda mchana, maman akiwa sokoni, nikakiweka mkononi mwake. Akakipapasa. Vidole vikaona vitufe vyenyewe, kushoto, katikati, kulia, vikabonyeza kidogo kila kimoja. Kisha akaushika mkono wangu, akanirudishia.

“Hii ni ya mutu mwenye kujifanyia bintu. Mimi nilishazoea kuomba.”

Nikaanza kumbembeleza, eti atakizoea haraka, eti Jumapili hii hii tutashuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa subira ya mgeni. Kisha akanyanyuka, mkono juu ya mgongo wa kiti, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe na kuifunga umeme mwenyewe.

“Naweza kwenda kulala kidogo?”

Hakutania. Alibaki amesimama, uso umeelekea nilipo, anangoja. Nami nikamwambia ndiyo.