Mkia wa Filamu ya Kituruki

Siku yangu ya kwanza kazini nilimuua baba wa familia kabla hajaanza hata kukohoa. Kazi yenyewe ilikuwa kusema filamu: unakaa na mikrofoni kando ya televisheni, unasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na unawaambia watazamaji kwa Kiswahili nani anasema nini. Mimi, mwenye digrii ya fasihi kutoka Lubumbashi, nilisoma haraka mno, nikatangaza kifo huku marehemu bado anakunywa chai.

Patroni hakukasirika. Alikuwa Mkongomani mwenye duka la simu katikati ya Durban, na filamu zilionyeshwa nyuma ya duka hilo. "Profesa," akaniambia, na jina hilo la dhihaka halikunitoka tena, "acha watu wafe kwa zamu yao. Hatuko mbio."

Kwake nilijifunza kufunika, yaani kupunguza sauti ya filamu unapoanza kusema, na kuirudisha kabla mtu hajalia, kwa sababu kilio hakitafsiriwi. Na nilijifunza mkia. Filamu za Kituruki, hasa zile za wakimbizi, zina tabia ya kuisha bila kuisha: mtu anatazama bahari, muziki unalia, majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Mtazamaji wetu, aliyetoka kubeba mizigo bandarini au kusuka vichwa tangu asubuhi, hakubali. Kwa hiyo majina yakipanda, msemaji anaendelea peke yake: binti akaolewa, askari mbaya akafukuzwa kazi, mzee akapata figo. Huo ndio mkia. "Bila mkia," alisema Patroni, "iko nusu ya filamu." Nilikuwa bingwa wa mikia. Nimewaozesha Waturuki wengi kuliko padri yeyote wa jiji hili.

Patroni alipohamia Cape Town nikachukuliwa na Pasta, kiongozi wa kanisa letu la Wakongomani na Warundi kule Sydenham, humu humu Durban, aliyeonyesha filamu ukumbini Jumamosi mchana. Patroni alitaka watu wacheke. Pasta alitaka waokoke. Busu likitokea, nilitakiwa kusema wanasalimiana.

Jumamosi moja Pasta alinivuta pembeni. Filamu ya siku hiyo ilimhusu mama aliyekimbia vita akaingia Uturuki, na mwanawe akampotea katika kituo cha basi cha mpakani. Mwishoni mama anapewa ruhusa ya kuhamia Ujerumani. Gari linasimama mbele yake, mlango unafunguka, na picha inakatika.

"Maman Riziki anakuja leo," Pasta akasema.

Nilielewa. Maman Riziki alikuwa na saluni ndogo, na kila mtu alijua habari zake. Mwanawe wa kwanza, Moize, alimpotea njiani walipokimbia kutoka Uvira. Tangu afike Durban alikuwa ameiacha namba yake ya hapa kila mahali: kwa jamaa Uvira, kambini Tanzania, kwa madereva wa malori Lusaka. Sasa yeye na binti zake walikuwa wamekubaliwa kwenda Kanada, na alikuwa anakataa. Akiondoka, namba ingekufa, na Moize angepiga akute kimya. Pasta alikuwa amemwombea, amemkemea, amemletea wazee wa kanisa. Alibaki na mimi tu.

"Mupandishe yule mama," akaniambia. "Na mutoto amukute kulekule Ujerumani. Anakusikiliza weye kuliko mimi."

Hakuna mtu wa fasihi asiyependa kuambiwa hivyo.

Filamu ilikwenda vizuri. Watazamaji walimshauri yule mama kwa sauti, kama kawaida yao. "Usimupe passeport, iko mwizi huyo!" "Eish, Maman, laini hiyo ya basi si yako, rudi kule!" Kisha picha ikakatika, majina yakaanza kupanda, nikafunika. Nilianza na wadogo, kama desturi ilivyo: yule binti muuza chai wa kituoni nikamwozesha kwa askari wa mpaka, nikawahamishia Istanbul. Ndipo nikasema, "Mama akapanda. Akafika Ujerumani. Na siku moja mlango ukagongwa: mwanawe!"

Maman Riziki akasimama. "Adresi alipewa na nani?"

Nikamtazama Pasta. Pasta akatazama dari.

"Profesa, nakuuliza. Mutoto iko mpakani, mama iko Ujerumani. Adresi alipewa na nani?"

"Aliuliza watu, Maman."

"Watu gani? Yule wa chai ulishamuozesha, ukamupeleka Istanbul!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikuja mbele, akanyoosha mkono, nikampa mikrofoni.

"Yule wa chai haolewi," akasema. "Anisamehe, lakini haolewi. Anabaki kwa kituo. Mama anamuambia: mutoto wangu akikuja, umuambie niko wapi. Kisha njo anapanda." Majina yalikuwa yamekwisha, kioo kilikuwa cheusi. "Sasa hapa Durban, nani anauza chai?"

Kwa mara ya kwanza katika ukumbi ule nilisema bila mikrofoni. "Mimi, Maman."

Aliondoka na binti zake kabla ya Krismasi. Mimi nilimalizia kazi chuoni Westville, kwa Mhadhiri mmoja aliyetaka filamu ziandikwe tafsiri ya Kiswahili chini ya picha kwa ajili ya wanafunzi wake, na aliyenikataza mikia kabisa. "Usiongeze kitu," alisema, na nilikuwa nimeshaanza kumwelewa. Leo simu zenu, vijana, zinasema filamu zenyewe, tena bila kukohoa. Nimestaafu kabla nywele hazijaisha kuota mvi, na sina kinyongo.

Namba ya Durban aliyoniachia Maman Riziki iko kwenye simu ndogo ya vibonyezo, mfukoni mwa shati langu. Kila mwezi naiwekea vocha ili isikatwe. Wanaopiga wengi ni wauza bima, na mmoja anamtafuta fundi wa friji. Nawapokea wote, hata nikiwa bafuni. Maneno yangu yako tayari: "Moize, mama yako ni mzima, yuko Kanada, chukua namba." Nimeyapima mara nyingi kwa masikio ya Mhadhiri, nikakuta hayana cha kuongeza. Nikishayasema nitanyamaza, kwa sababu kilio hakitafsiriwi.