Wimbo Aliounywa Bibi Somoe

Enzi zetu za ruksa, enyi mnaobofya simu mkajiita wasanii, bendi haikuanzishwa kwa kubofya. Ilianzishwa kwa debe, galoni na ujinga, na ujinga tulikuwa nao wa kutosha Kilwa Masoko nzima.

Mitumba ilishaingia, na kanda nazo zikafuata. Kaka yake Fidelis alirudi kutoka Dar na kanda ya bendi ya Walatini, wanaimba nusu Kihispania nusu Kiingereza, na dunia nzima imewehuka. Sisi watatu tukaona walichoweza Walatini hakitushindi. Fidelis, Mmakonde wa watu, mwanakwaya wa kanisani, akapewa gitaa la galoni. Shomari, mtoto wa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akapewa debe. Mimi nikawa mwimbaji kwa sababu shati la mitumba lenye maua lilikuwa langu. Baadaye sana mama alinieleza kwamba ile ilikuwa blauzi.

Kihispania hakuna aliyekijua. Lakini watoto wa chuo tulizoea kuhifadhi maneno tusiyoyaelewa, bakora ilihakikisha hilo. Shomari akasikiliza kanda, akaandika wimbo mzima kwa herufi za Kiarabu, na kwa kuwa kalamu ilikauka, akatumia wino wa zafarani wa baba yake. Kesho yake redio ikaitafuna kanda. Tukacheka, maana karatasi tulikuwa nayo. Idi pili tulikuwa tuimbe kwenye kibanda cha video, na mwenye kibanda alishaahidi kwamba watakaowafurahisha watu atawapeleka kuimba Lindi mjini. Lindi! Nilishaanza kuaga majirani.

Bibi yangu, Bibi Somoe, magoti yalimsumbua tangu masika. Asubuhi ya Idi pili akaiona ile karatasi chini ya mto wangu. Herufi za Kiarabu, zafarani, imekunjwa kwa adabu: ingekuwa nini kama si kombe, dawa inayoandikwa na mwalimu ikaoshwa na kunywewa? Akailoweka kwenye bakuli, akapiga bismillahi, akanywa. Nilimkuta anafuta midomo.

“Mume wangu wee, kumbe ulinichukulia dawa ukanyamaza? Mungu akuweke. Ila karatasi ya maandiko hailaliwi, umesikia?”

Bakulini ilibaki karatasi nyeupe pee. Nilitaka kulia, na wala si kwa ajili ya bibi.

Alasiri nikapanda jukwaani, yaani juu ya makreti ya soda, na blauzi yangu. Nilikumbuka mstari wa kwanza tu. Nikauimba. Nikaurudia. Mara ya sita watu wakaanza kuguna, na Fidelis kwa hofu akaingiza pambio la kanisani. Hapo Bibi Somoe akasimama bila mkongojo, akapiga kigelegele, akaingia katikati anacheza.

“Magoti yamefunguka, jamani! Kombe la mjukuu wangu hilo!”

Watu wote wakamfuata. Mwenye kibanda akatangaza kuwa Lindi atampeleka bibi, sisi turudi shule.

Shomari alitaka kusema ukweli, kwa kuwa alimwogopa baba yake na Mungu, kwa mpangilio huo. Nikamziba mdomo. Bibi alikwenda sokoni kwa miguu yake mwaka mzima, na kila aliyemsalimu alisimuliwa habari zangu. Bendi ilikufa siku ileile, na sikuona tanzia yoyote gazetini.

Miaka ikapita. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, bibi aliniambia, “Niandikie tena lile kombe.” Niliutafuta wimbo ule kila duka la kanda, Lindi mpaka Dar. Hata jina lake sikulijua. Nilirudi mikono mitupu, tukamzika.

Juzi nilikuwa nauimba ule mstari wangu mmoja jikoni. Binti yangu akaunyooshea simu, na wimbo ukaja papo hapo, na maneno yote. Akasikiliza nusu, akasema ni wa kizamani, akarukia mwingine. Nikaichukua ile simu, nikakaa nayo, magoti yananiuma. Maneno yote ninayo sasa. Nimwandikie nani?