Raba Laini za Zengo

Zengo ni fundi cherehani wa Bariadi, mtu wa kitambi na heshima zake, na kila alfajiri hukimbia kando ya lami kukipunguza hicho kitambi. Shida ilikuwa visigino. Raba zake za zamani zilikuwa ngumu kama gome, zinapiga lami pwaa! pwaa! mpaka mbwa wanaamka.

Sasa, mama mkwe wake, Mama Apolonia, naye hukimbia barabara hiyohiyo. Haya, utafanyaje? Kwa Wasukuma mama mkwe na mkwilima wake, mume wa binti, hawabanani njiani. Bahati nzuri mama akisikia pwaa hushuka pembeni, akageukia shamba la pamba kana kwamba analikagua. Zengo hupita ameinamisha macho, anamwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," basi, kila mtu na adabu yake.

Visigino vilipozidi kuuma, Zengo akaenda kwa Bujiku, muuza viatu vya mtumba. Alienda jioni makusudi, miguu ikiwa imeshavimba kwa kazi. Alimsumbua huyo! Avae miguu yote miwili, apime nafasi mbele ya kidole gumba, akimbie hadi mashine ya kusaga na kurudi. Jozi ya kwanza ilibana. Ya pili laini mno, mguu unazama na kuyumba kama unashindilia pamba kwenye gunia. Ya tatu, ya njano, soli nene, inabonyea kidogo halafu inakusukuma mbele.

"Mama yangu, hizi ndizo!" akasema, nusura alie.

Kesho yake alikimbia kwa raha mpaka akasahau dunia. Visigino kimya. Na lami nayo kimya! Kukata kona, mgongo wa Mama Apolonia huu hapa. Alikuwa na shoga yake Kwandu, anamwigiza mtu: tumbo kalisukuma mbele, miguu kaitanua, anatweta.

"Mkwilima wangu akikimbia ni hivi!" Kwandu yuko hoi kwa kicheko.

Kupita, aibu. Kukohoa, aibu. Zengo akajitupa kwenye pamba.

"Fisi!" Kwandu akapiga yowe. Watu waliokuwa wanaenda shambani wakaja na fimbo. Ikabidi fisi ajitokeze, pamba masikioni.

"Mwangaluka, mayu," akasema, amepiga magoti. Mama Apolonia alijifunika khanga kichwa kizima.

Jioni Jenipha, mke wa Zengo, akaleta ujumbe. "Mama anasema urudie raba za zamani, au uache kukimbia. Hawezi kuviziwa."

"Mwambie mama namheshimu sana," alisema Zengo, "ila visigino ni vyangu." Aliwaza, akaguna, kisha akaenda kwa wacheza ngoma kuazima njuga, zile kengele za miguuni, akazifunga juu ya raba za njano.

Alfajiri, cha! cha! cha! Watoto walitoka mbio wakidhani ngoma imekuja. Mama Apolonia alishuka pembeni, akageukia pamba kwa heshima zote, ila mabega yalikuwa yanamtikisika. Zengo akainamisha macho, akapita, akasikia kicheko kimemshinda mama. Tangu aoe, Zengo alikuwa hajawahi kucheka karibu na mkwe wake. Siku hiyo alicheka mpaka akakaa chini barabarani.