Mizunguko kumi na minne ya Mama Kilo

Saa mbili na nusu asubuhi, nje ya mlango wa pili wa kuondokea wa uwanja wa ndege, mwanamke wa makamo amepiga magoti sakafuni na kipande cha chaki. Anapima kwa shubiri: mbili na vidole vinne kwenda mbele, moja na nusu kwenda pembeni. Anachora mstatili, anaupuliza vumbi, kisha anasimama akijishika kiuno.

"Mama, unataka kuruka kamba?" anamtania dereva wa teksi aliyekuja kuegemea toroli.

"Wewe cheka tu," anamjibu. "Siku ukipanda ndege utanitafuta."

Mstatili huo huufuta wafagiaji kila jioni, naye huuchora upya kila asubuhi. Hajaombwa na mtu, wala halipwi hata senti kwa kazi hiyo.

Kazi yake hasa ni kufunga mizigo kwa nailoni. Mteja huweka sanduku kwenye meza ya mashine, yeye hukanyaga pedeli, sanduku likazunguka huku mkono wake wa kushoto ukiivuta nailoni mpaka inalia. Pembeni ana mizani. Ana miaka arobaini na saba, na miaka kumi na mmoja kati ya hiyo ameimaliza mahali hapa, hatua sita kutoka mlangoni.

Wote hapa wanamwita Mama Kilo, kwa sababu huliinua begi kwa mkono mmoja na kutaja uzito wake kabla mizani haijasema. Asubuhi hii ameinua la mzee mmoja mwenye kofia na kusema, "Ishirini na moja na kidogo." Mizani imesema ishirini na moja na robo. Mzee amemtazama kwa woga.

Kila mzigo unaofungwa mteja hulipa elfu tano. Elfu nne ni za mwenye mashine, elfu moja ni yake. Kupima ni mia tano, na hiyo yote ni yake, kwa kuwa mizani aliinunua mwenyewe. Siku ikiwa nzuri hurudi nyumbani na elfu kumi na tano. Siku ikiwa mbaya hurudi na nauli.

Wateja wake wakubwa ni wenye tiketi za bei rahisi. Mkabala na meza yake kuna bango la shirika moja: ruka kwa elfu thelathini na tisa. Bei hiyo ipo kweli, hakuna aliyesema uongo. Ila ukishaikubali ndipo unaulizwa: una begi? Elfu ishirini na tano. Unataka kuchagua kiti? Elfu nane. Unalipa kwa simu? Elfu mbili. Hukuchapisha karatasi yako ya kupandia, unataka uchapishiwe kaunta? Elfu kumi. Ni kama kuuziwa nyumba kwa bei poa, halafu paa na milango vinauzwa dirisha la pili.

Mama Kilo alijiona fundi wa kuyakwepa hayo yote. Tiketi ya elfu thelathini na tisa inaruhusu kifurushi kimoja cha mkononi, kisichozidi kilo saba, bila malipo. Basi akawa mwalimu wa kilo saba.

"Nilikuwa nawaambia, koti vaa. Chaja tia mfukoni. Viatu vizito usivipakie, panda navyo miguuni," anasema. "Kinachobaki nakikandamiza, nakifunga nailoni, kinakuwa kigumu kama tofali. Kilo sita na nusu. Mtu anaingia mlango ule anacheka. Na mimi nacheka."

Wakishaingia, hakuwaona tena. Mlango ule hauvukwi bila tiketi, na yeye hakuwahi kuwa nayo.

Hadi mwezi wa nne mwaka huu.

Simu ilitoka kwa mtoto wa dada yake, binti wa miaka kumi na saba anayemwita mama mdogo. Dada huyo mkubwa alipigwa na kiharusi mwishoni mwa mwaka jana, alikuwa kitandani mwezi wa tano sasa, na binti yake ameacha shule kumuuguza. Waliishi upande wa pili wa nchi. Kwa basi ni siku mbili na nusu. Kwa ndege ni saa moja na dakika ishirini.

"Aliniambia, 'Mama mdogo, mama anakuulizia wewe tu. Hali yake si nzuri. Na anasema uje na lile blanketi.'"

Blanketi lenyewe ni la kijivu, lenye mistari myekundu, zito. Liliachwa na mama yao, aliyefariki Mama Kilo akiwa na miaka sita. Dada yake alikuwa na kumi na tano. Akaacha shule, akamlea. Wawili hao walilala chini ya blanketi hilo chumba kimoja kwa miaka tisa.

"Yeye alilala upande wa mlangoni, kila siku. Alisema atakayeingia aanze na yeye." Hapo anaishika nailoni ambayo haihitaji kushikwa.

Mwenye mashine alimpa ruhusa ya siku nne, hakuongeza hata moja. Basi lingezila siku tano barabarani, kwenda na kurudi. Ndipo Mama Kilo alipoligeukia lile bango lililokuwa linamtazama mwaka wa pili sasa. Tiketi elfu thelathini na tisa, malipo ya simu elfu mbili, kuchapisha karatasi kwenye kibanda cha nje elfu moja. Elfu arobaini na mbili. Begi hakulipia, na hilo lilimfurahisha.

"Nilijisifu, usinione hivi. Nilisema mimi hawanipati."

Alipakia blanketi na pakiti mbili za nepi za wagonjwa. Akavikandamiza kwa magoti. Kisha akavifunga kwenye mashine yake mwenyewe. Mteja wa kawaida hupata mizunguko saba ya nailoni. Yeye alijifungia kumi na minne, kwa sababu ulikuwa mzigo wa dada. Mizani ilisoma kilo sita na gramu mia nne.

Mwenzake wa zamu, mwanamume mpole wanayemwita Rula kwa urefu wake, anaikumbuka asubuhi ile. "Alivaa viatu vipya. Tulimpigia makofi hapa. Akaniachia kisu cha kazi, akasema, 'Hiki huko ndani hawakitaki, nitunzie.' Akaingia kama bibi harusi."

Aliyoyakuta ndani alikuwa hajawahi kuyaona. Kwenye lango la mwisho la kupandia, baada ya ukaguzi wote, ilisimama fremu ya chuma yenye rangi ya chungwa. Pembeni yake hapakuwa na mizani ya aina yoyote. Kila kifurushi kilipaswa kuingia ndani ya fremu hiyo. Kikigoma, elfu sitini.

"Nikamwambia yule binti wa langoni, pima, ni kilo sita na gramu mia nne. Akasema, 'Mama, hapa hatupimi uzito, tunapima ukubwa.' Nikakisukuma kifurushi. Kikakwama nusu. Nikakisukuma kwa goti. Wapi."

Nailoni ilikuwa imekifanya kigumu kweli, kama alivyowaahidi wateja wake siku zote. Begi la kitambaa la abiria aliyekuwa mbele yake lilizidi fremu pia, lakini lilibonyea, likaingia. Chake hakikubonyea.

Halafu yule binti alimtazama vizuri.

"Akaniuliza, 'Si wewe Mama Kilo wa pale nje?' Nikasema ndimi. Nikadhani Mungu kanifungulia. Akasema, 'Mama, kila siku tunaletewa haya mafurushi yako ya nailoni. Hayaingii. Watu wanalia hapa.' Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka."

Hili analieleza polepole, akiyatazama magurudumu ya toroli. Wangapi? Hajui. Labda watano au sita kwa siku, kwa karibu miaka miwili. Wote walimwachia elfu moja yake, wakamshukuru, wakaingia wakicheka kwenda kulipa elfu sitini.

Kwenye pochi alikuwa na elfu ishirini na sita. Mlango wa ndege ulibakiza dakika kumi na nane kufungwa. Njia ilikuwepo: angekifungua kifurushi, blanketi angejitanda mwilini, pakiti za nepi zingeingia kwenye fremu bila shida. Nguo ya mwilini haitozwi. Alikuwa amewafundisha wengine hivyo hivyo.

Lakini kisu kilikuwa kwa Rula. Na ndani ya eneo lile, baada ya ukaguzi, hapakuwa na mtu mwenye kisu, mkasi wala wembe.

Alianza kwa kucha. Akaja kwa ufunguo wa nyumbani. Abiria mmoja alimpa kalamu, mwingine kitana cha chuma ambacho kilivunjika meno mawili. Akauma kwa meno yake. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tano. Foleni ikampita pembeni hadi ikaisha.

"Nilikuwa nimefika wa kumi na moja niliposikia, 'Mama, mlango umefungwa.' Nikamwambia bado mitatu. Akasema, 'Nimeajiriwa tu, mama yangu.' Na yeye machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikamalizia ile mitatu hivyo hivyo. Sijui kwa nini. Blanketi likafumuka, likajaa pale chini."

Tiketi haikuwa na marejesho. Ilikuwa bei rahisi.

Unaweza kujiuliza kwa nini hakwenda moja kwa moja kituo cha basi. Naye anajiuliza, kila siku, na hahitaji mtu wa kumsaidia kujiuliza. Nauli ya basi ilikuwa elfu thelathini na tano. Elfu tisa zilizopungua Rula angempa. Angefika siku ya tatu.

"Ningemkuta. Niliogopa kupoteza kazi, na nilidanganyika na ile saa moja na dakika ishirini. Nikasema nikate tiketi nyingine, safari hii nilipie kila kitu, nitamuwahi."

Akauza jiko lake la gesi. Akashika zamu mbili kwa siku. Nauli ya ndege ilikuwa imepanda hadi elfu hamsini na mbili. Akalipia begi elfu ishirini na tano, akalipia kiti elfu nane, akalipia malipo yenyewe elfu mbili. Elfu themanini na saba. Kesho yake akamfungia mzigo mteja anayekwenda mji ule ule kwa shirika kubwa, lile ambalo watu wa kawaida hata hawaulizii bei. Mteja huyo alilipa elfu themanini na nne, begi, kiti na chai vikiwa humo humo.

"Elfu tatu chini yangu," anasema. "Miaka yote sikuwahi kuwauliza, kwa sababu bango lao halina bei."

Tiketi yake ya pili ilikuwa ya Alhamisi. Dada yake alifariki Jumanne, siku ya kumi na moja tangu mlango ule ufungwe. Akazikwa Jumatano alasiri.

Kubadilisha tarehe kulikuwa na ada yake, na isitoshe Jumatano hapakuwa na nafasi. Akapanda Alhamisi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kupanda ndege, na kiti chake kilikuwa cha dirishani kwa kuwa alikilipia. Anasema hakutazama nje.

Kabla ya kupanda, langoni alisimama mbele ya fremu ya chungwa akaipima kwa shubiri yake, pande zote, mbele za watu. Yule binti hakumzuia.

Nyumbani kwa marehemu alikuta kitanda kimekwisha kutandikwa. Nepi alipewa jirani mwenye mgonjwa. Usiku alilala na mtoto wa dada yake chini ya blanketi, kisha akarudi kwa basi. Alikatwa ujira wa siku zilizozidi.

Tangu hapo anawaambia watu ukweli, na ukweli hauna wateja wengi. Kila mwenye kifurushi cha mkononi hukiweka kwanza ndani ya mstatili wa chaki. Kikizidi, hakifungi. Humwambia mwenyewe alipie begi mapema kwa simu, au akaulize bei kwa lile shirika lisilo na bango. Anachokifunga hukiachia mkia mrefu wa nailoni, ili kifunguliwe kwa mkono. Mwenye mashine hapendi. Mwezi uliopita alimwambia kwamba mzigo wenye mkia unaonekana haukukamilika, na kwamba wapo wengi wanaoitafuta nafasi hiyo. Siku nzuri sasa ni ya elfu nane.

Ameandika barua mbili kwa wasimamizi, akiomba fremu kama ile iwekwe nje, kabla ya mlango, watu wajue mapema. Hajajibiwa. Rula anamwambia aache kujichosha. Huenda Rula anasema kweli.

Dereva wa teksi amekwisha kuondoka. Kijana mwenye begi la mgongoni ameliweka kwenye chaki, limezidi kwa vidole vitatu. Anajaribu kulisogeza ili liingie.

"Kusogeza hakusaidii, mwanangu," anamwambia. "Nimesogeza sana mimi."

Mpango wake ni mmoja. Mwisho wa mwaka anataka kumfuata mtoto wa dada yake, aje waishi wote, arudi shule. Nauli yake ya kwenda na ya wote wawili kurudi, kwa basi, ni elfu mia moja na tano. Amekwisha kuweka elfu kumi na moja. Chumba chake ni kimoja, kitanda ni kimoja, na blanketi lilibaki kule kwa binti, atakuja nalo.

"Kwenye basi hawaliulizi," anasema, akiinama kuifuata chaki iliyofutika pembeni. "Akija, tutalala. Mimi nitakaa upande wa mlangoni."