Aliyetekenywa na Waya wa Plagi

Haya niliyaona mimi mwenyewe, kwa macho haya, nikiwa nimevaa ovaroli na kichwani nina rola za nywele, asubuhi ya harusi yangu. Ukibisha, njoo Dongobesh, ulizia gereji yenye fundi mwanamke, halafu unipe mkono. Utaamini mwenyewe.

Utaniuliza, bibi harusi anafanya nini ndani ya mashua alfajiri, mikono imejaa grisi? Ni Babu. Babu yangu Mzee Boay anaishi kando ya Ziwa Basotu, na ana mashua ya zamani yenye injini ya petroli, silinda nne, iliyonunuliwa kwa wamisionari waliokuwa wakirudi kwao. Injini nzito, ina shaba kila mahali, na ilikuwa imelala miaka mingi. Tangu nikiwa mdogo Babu alikuwa akiniahidi kwamba siku nikiolewa atanivusha kwa mashua hiyo hadi upande wa kanisani. Ziwa lenyewe si kubwa kihivyo. Ukigombana na mumeo upande huu, wa upande ule wanajua sababu. Lakini Babu ameshachoka, na nilijua hiyo ndiyo harusi yake ya mwisho kuhudhuria. Nikajitapa mbele ya ukoo mzima: mimi ndiye fundi umeme, nitaiwasha.

Nikafunga nyaya mpya zote. Kutoka betri mpaka swichi, swichi mpaka koili, koili mpaka kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi. Waya nne za plagi nikazitia alama kwa rangi ya kucha ya harusi, doa moja mpaka madoa manne. Kazi safi, nakuambia. Nikazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikapiga risasi kwenye kabureta, ikanyamaza. Nikarudia, ikafanya vilevile. Kiboko mmoja huko majini akakoroma kama ananicheka. Nilitaka kulia kabisa, ila nikakumbuka saa chache zijazo napigwa picha.

Ukungu ulikuwa umefunga, hata nyumba ya Babu sikuiona. Nilipoinua kichwa, kijana mmoja alikuwa amesimama kando ya mashua, amevaa kofia ya sufu, anatabasamu.

"Husalimii?" akaniuliza.

"Nikusalimie nini? Mimi dada yako. Wewe ndiye unipe shikamoo."

Alicheka huyo! Alicheka mpaka akashika mbavu. Unadhani nilimwogopa? Wala. Miguu nilimtazama, maana nami nimesikia habari za kwato, lakini ilikuwa miguu kama yako, na kandambili. Nikajua ni mmoja wa vijana waliokuja kuchinja mbuzi wa sherehe.

Sasa, gereji zote zina mchezo mmoja. Mgeni akija kushangaashangaa, unachomoa waya wa plagi, unamwambia kwa upole, "Nishikie hapa kidogo," kisha unazungusha injini. Shoti inamrusha mpaka kwenye matairi, na mafundi mnacheka wiki nzima. Nilikuwa na hasira, nikataka kucheka kidogo. Nikachomoa waya mmoja, nikampa.

Nikazungusha. Hakuruka. Akacheka!

"Inatekenya! Nipe na zingine!"

Hapo ningekimbia, sivyo? Lakini mimi ni fundi, nikaingiwa na hamu ya kuona. Nikachomoa waya zote, akazishika kila moja kwa kidole chake, kwa kufuata madoa, nikazungusha polepole. Kila cheche ilipofika, kidole kinaruka naye anapiga kelele kwa furaha. Kidole cha kwanza. Cha pili. Cha nne. Cha tatu.

Nikaachia hendeli. Injini ile nilikuwa nimeshaichungulia, nikajua pistoni zake zinataka moto kwa zamu hii: moja, tatu, nne, mbili. Kumbe kile kidole cha chuma kinachogawa moto ndani ya kikombe kilikuwa kinazunguka kushoto, na mimi nilifunga nyaya kwa mazoea ya magari yangu, ambayo yanazunguka kulia! Nikabadilisha nafasi za waya wa pili na wa tatu, nikarudisha zote kwenye plagi, nikazungusha mara moja tu. Injini ikanguruma, mashua yote ikatetemeka. Nilipiga vigelegele peke yangu kama kichaa.

Kijana akanipa mkono. Nikasikia mtekenyo unapanda kutoka vidoleni mpaka kwenye meno, nikacheka hadi machozi. Nilipoyafuta, hayupo. Kwenye tope kulikuwa na alama za buti zangu tu.

Babu akatokea kwenye ukungu, amejifunga blanketi, bila hata fimbo yake.

"Nani alikuwa anacheka hapa?"

Nikamweleza. Akakaa chini, palepale kwenye majani.

"Kofia ya sufu? Huyo ni Tluway, kaka yangu," akasema. "Mashua hii tuliinunua pamoja. Shoti haikuwahi kumuumiza, ilikuwa inamtekenya tu. Alisema yeye ndiye atamvusha bibi harusi wangu. Homa ikamchukua kabla sijaoa."

Kisha Babu naye akaanza kucheka, huku analia, nami nikamkumbatia na grisi yangu yote.

Tulivuka saa nne, jua limeshatoka, ndugu wanaimba ufukweni. Babu alishika usukani, na pembeni yake akaacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyeikalia.

Tangu siku hiyo shoti hainiumizi, inanitekenya. Na haikuishia kwangu. Kanisani mume wangu aliponishika mkono anivishe pete, aliangua kicheko mbele ya padri, na hadi leo hajapata maelezo ya kumpa.

Kwa hiyo sikia, wewe unayependa mizaha. Usimpe mgeni usiyemjua waya wa plagi. Na ukikutana na mtu kwenye ukungu, mpe shikamoo yake, hata kama anaonekana mdogo wako. Mimi nilimnyima babu yangu mkubwa, tena nikamdai, naye akanivumilia kwa sababu alikuwa na harusi ya kuwahi.