Nyuzi za Majani Chai

Nikifungua pakiti ya majani chai, vijiuzi vyepesi hung'ang'ania plastiki, na ile harufu hunirudisha jikoni kwetu Kibugu. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha chai. Jioni alirudi sweta yake imejaa nyuzi hizo.

"Mbona hazianguki?" nilimuuliza.

"Ni stima. Kiwandani kuna rola ya kutenga nyuzi na majani; ikisuguliwa inashika stima, kama sweta hii. Nyuzi ni nyepesi, zinairukia. Majani ni mazito, yanapita."

Mama alipofariki, baba alirudi kutoka hospitalini na sweta ile. Shangazi aliikung'uta uani, nyuzi zikabaki palepale. Nikaketi nikizitoa moja moja.

"Huyu mtoto hata halii," shangazi akawaambia majirani.

Siku hizi nafundisha kemia. Wiki hii nilieleza jinsi mashine ya kupima uzito inavyopiga molekuli kwa elektroni hadi ivunjike. Vipande vyenye chaji, ile stima ya mama, hupita kwenye sumaku. Vyepesi hupinda sana, vizito kidogo tu, na hivyo mashine husoma uzito wa kila kimoja.

Msichana mmoja akainua mkono. "Na vile visivyo na chaji, mwalimu?"

"Navyo vimevunjika kutoka molekuli ileile," nikamjibu. "Ila mashine haivioni."